Ile Ampli Ilikuwa Nusu

Wajukuu, na nyinyi vijana wengine munaosimama mbele ya butiki ya Neema hapa Mubi: munamupita Neema mwenye amesoma, munakuja kuniuliza mimi, nyanya yake. "Koko, ninunue ampli ya mwili moja, ao ile ya vipande mbili?" Munafikiri nitajibu kwa neno moja. Neno iko. Lakini ili mimi nilijue, muntu moja wa kijiji ya Mpofi alipoteza jina yake, na mimi njo nilimupotezea. Basi mukae. Jibu na aibu yangu vinakuja pamoja.

Nianze na kazi, juu muntu asiyejua kazi hataelewa kosa.

Ampli njo ile mashini inachukua sauti ndogo ya telefoni ao ya redio, inaifanya kubwa mpaka bafle, zile spika, zinaweza kuitoa. Ndani kuko kazi mbili. Moja ni kupokea: kuchagua sauti, kuongeza, kupunguza, kutia besi. Ya pili ni kusukuma. Ampli ya mwili moja inafanya zote mbili ndani ya sanduku moja. Ile ya vipande, wamegawanya: sanduku ya kupokea inaitwa préampli, sanduku ya kusukuma inaitwa ampli de puissance. Leo nayasema haya sawa muntu anayekunywa maji. Kuna wakati sikuyajua, na nilikuwa nauza.

Mimi nimezaliwa Masisi, kwenye vilima, kwenye baridi na maziwa. Shule niliacha mwaka wa tatu primaire. Bwana yangu alinileta huku Walikale kwenye pori, na hapa Mubi njo nimezeekea. Wananiita Mama Mapasa juu nilizaa mapacha. Mumoja wao njo mama ya Neema. Nimeuza redio, bafle na ampli mpaka magoti yamekataa. Wanaume walicheka mwanzoni: "Mama, rudia kupika sombe!" Baadaye hao hao walikuja kuniuliza kwa nini mashini yao inanguruma. Ninajivuna, ndiyo. Na ile kujivuna njo iliniponza.

Kazi nilifundishwa na Papa Kambale, mufanyabiashara wa Butembo, Mukatoliki wa misa ya asubuhi, muntu wa maneno machache. Yeye alinitumia mali, mimi niliuza. Alinipa sheria moja: "Mama Mapasa, usiuze mashini yenye hujasikia inalia." Mengine nilijifunza kwa makosa. Kwa mufano, ampli inapumua, tena inapumua sana. Kuko mama moja wa kwetu Masisi nilimuuzia ampli nzuri. Akaifunika kitambaa ya krosheti, juu ya kitambaa akatia maua ya plastiki, juu ya maua picha ya ndoa. Ikakosa pumzi. Siku ya komunyo ya mutoto wake akanipigia telefoni: "Mama, mashini yako imeanza kuvuta sigara."

Ingine: ukibeba ampli kwa moto, ile pikipiki, usiifunge nyuma kwa mupira. Uipakate sawa mutoto. Ndani kuko transfo, ule muzigo wa shaba na chuma. Sisi tunaita jiwe. Barabara yetu munaijua. Jiwe likilegea, linatembea mule ndani likivunja kila kitu, sawa mulevi ndani ya jikoni.

Na kwa sababu ya hilo jiwe, mimi nilikuwa na namna yangu ya kujua mashini. Kusoma maandiko madogo sikuweza, kwa hiyo nilinyanyua. Nafunga macho, napima kwa mikono, nasema: "Hii ya kweli, hii ya bure." Na nilikuwa nasema sawa. Watu walikuja kuniangalia tu nikinyanyua. Ampli nzuri inalemea. Hiyo uishike, hata leo.

Sasa sikilizeni. Siku moja kartoni mbili zilifika na lori kutoka kwa Papa Kambale. Alikuwa amenipigia telefoni: "Hizo mbili zinakwenda pamoja." Mimi nikaelewa zinasafiri pamoja, lori moja. Nikasema asante. Nikasoma herufi kubwa kwenye kartoni ya kwanza: PRÉAMPLI. Kwenye ya pili: AMPLI DE PUISSANCE.

Karibu na butiki yangu kulikuwa Mama Sifa, muuza wali na maharagwe. Kila saa sita alikuwa anaita: "Iko pre! Iko pre!" Sisi wote hapa tunasema hivyo, Kifaransa cha sokoni: prêt, chakula tayari, kujeni. Basi nikaangalia kartoni, nikasikia Mama Sifa, na kichwa yangu ikafunga hesabu. Pre-ampli: ampli iliyo tayari. Unaichukua, unaifunga, inaimba. Na puissance? Hiyo tunaisikia kanisani kila siku, puissance ya Mungu. Basi ile ya pili iko ya nguvu nyingi, ya makanisa na nganda za pombe. Hakuna mwenye alinifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na nilifurahi sana.

Siku ileile akaingia Papa Anselme wa Mpofi, mukulima wa kakao, muzee mupole, mwimbaji wa zamani. Alikuwa na bafle zake mbili, panneau ya jua na batri.

"Mama Mapasa, mimi sitaki kelele. Ninataka kukaa nyumbani pangu jioni, nisikilize nyimbo, na bibi yangu asikilize."

"Papa, Mungu amekutuma. Iko pre!"

"Inalia vizuri?"

"Papa, hata tundu ya mikro iko. Siku mukitaka kuomba nyumbani, munaomba kwa mikro."

Nilipoinyanyua nilishangaa. Ilikuwa nyepesi sawa kuku ya njaa. Mikono yangu iliniambia ukweli, mimi nikaikatalia. Nikamwambia Papa Anselme: "Ni za kisasa. Hata telefoni zimekuwa nyepesi." Nikataka kuifungua tuijaribu, akanishika mukono. "Hapana, Mama. Uiache na scotch yake." Munajua watu wetu: ule utepe wa scotch ukibanduliwa, wanasema mashini imeshatumika. Na mimi nikaiacha. Sheria ya Papa Kambale nikaiacha palepale, chini ya scotch.

Ile ya puissance niliiuzia kanisa moja hapa Mubi. Wakaifunga, ikaimba mpaka mabati yakatetemeka. Nikasema: munaona? Najua kazi yangu. Kumbe wao walikuwa na table ya mikro, ile ya kuchanganya sauti, na ile table njo ilikuwa inafanya kazi ya préampli. Bahati yao iliniongezea ujinga.

Papa Anselme akapiga telefoni. "Mama, taa inawaka, lakini bafle ziko bubu."

"Batri yako iko zaifu."

Akachaji. Bubu. "Panya wamekula waya zako." Akabadilisha waya. Bubu. Basi akaita fundi wa Mpofi, Papa Bahati.

Papa Bahati alikuwa mukimya, mwembamba, chuma yake ya kulehemu aliipasha ku makaa juu hakuwa na umeme. Redio zote za Mpofi zilipita mikononi mwake. Alifungua ile mashini, akaangalia, akaifunga. Akamwambia Papa Anselme: "Muite mwenye aliuza." Nikaja. Ilikuwa siku ya soko, watu wengi barabarani, na wakati Mama Mapasa anashuka ku moto, watu wanafuata.

Kwenye barza ya Papa Anselme nikatoa kifuniko mimi mwenyewe. Ndani kulikuwa sawa nyumba ya muntu aliyehama. Kabao kenye vipande vidogo hapa, waya mbili pale, jiwe kadogo sawa sabuni iliyobaki. Mimi ninajua ampli. Ampli iko na jiwe ya kunyanyua kwa mikono mbili.

"Nani ameifungua hii?"

"Bahati," akasema Papa Anselme. "Nilimuita aangalie."

"Aha."

Bahati akasogea na turnevis yake ya kufungulia skrubu. "Mama, hii haikuwa na jiwe kubwa. Hii mashini iko nusu."

"Iko nusu?"

"Iko nusu, Mama. Nusu ingine imebaki kwako."

Wajukuu, muntu aliniambia ukweli wote kwa maneno machache. Na mimi nilifanya nini? Niligeukia barabara, nikapandisha sauti.

"Munasikia? Yeye mwenyewe anasema iko nusu! Mimi niliuza nzima, kartoni na scotch yake. Sasa nusu imekuliwa na nani?"

"Shaba inauzwa, Mama!" muntu akaita nyuma.

"Bahati, tapika jiwe!"

Watu wakacheka. Bahati akangoja wamalize. Akasema polepole: "Mama, soma nyuma yake."

Hapo njo ningeweza kujiokoa. Ningesema: Papa, mimi kusoma kwangu ni kwa shida, unisomee. Lakini niseme hivyo mbele ya soko, mimi Mama Mapasa? Nikajibu: "Nimesoma! Imeandikwa iko tayari! Wewe njo hujui kusoma, mwizi!"

Hilo neno lilitoka. Sikulirudisha.

Toka ile siku wakamuita Papa Jiwe. Redio hawakumupelekea tena, hata tochi. Bibi yake akienda sokoni, wanamuuliza: "Leo munapika nini? Jiwe?" Akaacha chuma yake ya kulehemu, akaingia kwenye mihogo na mafuta ya mawese. Mimi nilisikia hayo yote nikasema: vizuri, mwizi afunzwe.

Halafu Papa Kambale akapita Mubi. Nilimupa chai. Akauliza: "Ile préampli na puissance yake, nani alizichukua?"

"Moja iko Mpofi, ingine iko kanisani."

Akaweka kikombe chini. "Uliziachanisha?"

"Kwani?"

"Mama, hizo ni mapasa! Moja inapokea, ingine inasukuma. Moja peke yake haiimbe." Akaanza kucheka. "Mama Mapasa mwenyewe kuachanisha mapasa!"

Munajua desturi yetu: ukinunulia pacha moja nguo, unanunulia na mwenzake, hata muhindi wa kuchoma unavunja katikati. Mimi nimelea mapacha kwa sheria hiyo.

"Pre si ni tayari?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Hii pré ni ya mbele, yenye inatangulia. Ile ya tayari ni ingine, inaandikwa tofauti."

"Mudomoni ni moja."

"Mudomoni ni moja," akakubali. Akaona uso wangu, akaacha kucheka. Nikamuelezea yote, mpaka Bahati. Akasema: "Uende umwambie. Na uwaambie watu."

"Nitaenda."

Sikuenda. Yaani nilienda, na hiyo njo mbaya zaidi. Nilikwenda Mpofi na ampli ya mwili moja, nzuri, nzito. Nilikuwa nimeijaribu, imelia. Nikaifunga kwa Papa Anselme, ikaimba, bibi yake akapiga vigelegele. Nikachukua ile préampli nikasema: "Hii nitaitafutia jiwe ingine." Jumapili wakaniombea kanisani Mpofi: Mama mwenye huruma, mwizi aliharibu, yeye akarudisha. Nikainamisha kichwa, nikasema amina. Bahati alikuwa mule ndani, benchi ya nyuma. Aliniangalia. Angesema, nani angemusikia?

Papa Kambale kila akipita aliniuliza: "Ulimwambia?" Nilijibu: "Nilimwambia." Amekufa akiamini nilimwambia.

Sasa munaelewa kwa nini nikiulizwa habari ya ampli nakohoa kwanza. Lakini jibu yenu ndiyo hii, muishike. Kwa nyumba, ununue ya mwili moja. Vipande viko vizuri kwa muntu mwenye chumba kikubwa, umeme wa kutosha, na mikono ya kujua. Moja ikiharibika, unatengeneza hiyo, ile ingine inabaki. Na nguvu zake ni nyingi. Lakini kila waya kati ya sanduku na sanduku iko mulango, na huku Walikale unyevu hauna adabu, unaingia bila hodi. Asubuhi unakuta ncha za waya zimeota kijani. Ku Masisi, kwenye baridi, waya inakaa. Hapa inaoza sawa ndizi. Tena sanduku mbili zinakula batri mara mbili. Na wewe muuzaji, ukiwa hujui neno, uulize. Kuuliza mbele ya soko ni haya ya saa moja.

Mimi sikuuliza. Na juzi Neema akaingia nyuma ya butiki akicheka.

"Koko, Papa Jiwe wa Mpofi alipita hapa kununua tochi. Ameangalia ile kasha yako ya zamani, ile préampli, ku rafu mpaka nikaogopa ataiiba."

"Anaitwa nani?"

"Papa Jiwe. Hamukumusikia? Zamani aliiba jiwe ya ampli ya muntu."

Neema alizaliwa baada ya ile siku. Uongo wangu nilidhani ni wa wazee, utakufa na sisi. Kumbe mujukuu wangu mwenyewe anaubeba, anaupokea kwa kucheka na kuusukuma mbele. Nikaketi juu ya bafle.

Siku ya soko nikamwambia Neema aite moto mbili. Puissance niliikuta kanisani, nyuma ya ngoma, hawaitumii tena. Nikaipakata. Neema akapakata pré. Tukaenda mpaka Mpofi.

Papa Anselme amezeeka, lakini barza iko ileile. Nikamuomba tukae pale, nikatuma waniitie Bahati. Alikuja na mikono ya mafuta ya mawese, akaona sanduku mbili. Akazigeuza, akasugua kijani ku ncha za waya kwa pindo ya shati. Nyekundu ku nyekundu, nyeupe ku nyeupe. Macho yake hayaoni tena karibu. Neema akamuonyesha tundu. Watu wakaanza kusimama barabarani.

"Pré kwanza," akasema, akawasha. Akangoja. "Sasa puissance. Ukizima, unaanza na puissance, ao bafle zinapiga kishindo sawa mulango."

Telefoni ya Neema ikatoa wimbo, na ile mashini bubu ikaimba. Iliimba vizuri, wajukuu. Ningependa iwe na kasoro kidogo.

Nikamusogelea. "Papa Bahati, ilikuwa nusu. Nusu ingine ilikuwa kwangu. Nilijua zamani, nikanyamaza. Unisamehe."

Alinishusha macho mpaka ku viatu, akanipandisha.

"Mama Mapasa, siku ile sauti yako haikuwa ndogo hivi."

Akakata wimbo. Mikro ya Papa Anselme, ile ya kuombea, ilikuwa juu ya meza. Akaiingiza ku tundu ya préampli, ile tundu niliyoisifu, akanipa.

Nikasema yote: kartoni, pre, puissance, kujifanya nimesoma, ampli niliyoleta nikaombewa. Sauti yangu ilitoka kwenye bafle kubwa kuliko mimi, nikajisikia sawa muntu mwingine anayenishitaki. Nikamaliza. Neema alikuwa anaangalia chini.

Mama moja wa soko akatoka katikati ya watu na redio kwapani, anataka kusaidia, masikini. "Papa Jiwe," akasema, "na hii yangu utaniangalilia?"

Watu wakacheka. Bahati hakucheka. Mimi nikarudisha mikro mudomoni.

"Bahati," nikasema. "Anaitwa Bahati."

Jina likavuka barabara mpaka ku maduka ya upande wa pili. Yeye akanyoosha kidole, akanionyesha buto ya kuongeza sauti.

"Ongeza kidogo," akasema.

Nikaongeza.